Pikipiki Mpya na Ahadi ya Mwuzaji

Kuna neno moja ambalo watu wengi hulisema bila kulipima: "Kitu kipya hakina taabu." Mtu akienda kununua ng'ombe, atamtazama meno, atamwona anavyotembea, atauliza habari za mama yake. Lakini mtu yule yule akienda kununua pikipiki, ataona rangi yang'aa, atasikia mota yaunguruma vizuri, atahesabu fedha zake na kupanda. Kwa kuwa ni mpya, haoni la kuuliza zaidi. Kumbe mashini mpya ni mashini ambayo bado haijajaribiwa na mtu.

Wahandisi walioandika habari za kuharibika kwa mashini wana mchoro mmoja ambao umbo lake lafanana na beseni la kuogea. Upande wa kushoto ukuta wa beseni uko juu: hizo ni siku za kwanza, ambapo kasoro za kiwandani na za mafundi waliounganisha hujitokeza. Kisha huja sehemu ndefu iliyo tambarare: mashini imeshinda utoto wake, nayo hufanya kazi miaka mingi bila kusumbua sana. Mwishoni ukuta hupanda tena, maana vyuma vimechoka. Basi mwenye kununua pikipiki mpya hununua pamoja nayo ule ukuta wa kwanza. Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka dhamana, ile ambayo wafanya biashara wetu huiita garanti. Dhamana si zawadi. Ni ahadi iliyokwisha kuhesabiwa katika bei, na mnunuzi ameilipia.

Twaandika habari hizi kwa sababu pikipiki leo ndiyo miguu ya jamaa nyingi katika miji na vijiji vyetu vya mashariki ya Kongo. Yabeba mgonjwa, yabeba maharage, yabeba mwalimu na madaftari yake. Nayo mara nyingi hununuliwa kwa fedha ya likirimba, yaani fedha iliyokusanywa na watu kumi au ishirini ambao kila mmoja hungoja zamu yake. Ikisimama kabla ya kumaliza mwaka, hasara haimpati mtu mmoja tu.

Safari ya sanduku

Kwanza yafaa kujua pikipiki yafikaje kwetu. Zile zinazouzwa Butembo na Beni nyingi zimetengenezwa India au China. Hushushwa katika bandari ya Mombasa, hupita Uganda, huingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi. Hazisafiri zikiwa nzima. Ili zisichukue nafasi kubwa, hufungwa katika sanduku, gurudumu la mbele likiwa limetolewa, usukani umelazwa, vioo na betri vimewekwa pembeni. Mara nyingi mota haina mafuta ndani, au ina kidogo tu cha kuilinda isipate kutu.

Basi pikipiki huzaliwa mara mbili: mara ya kwanza kiwandani, mara ya pili katika ua wa mwuzaji. Huko uani vijana hufungua sanduku, hukaza usukani, huweka gurudumu, humimina asidi katika betri na mafuta katika mota. Fundi mwangalifu hutumia spana yenye kipimo cha nguvu, hunyosha tindi za gurudumu moja moja, huiacha betri ichajiwe polepole kwa saa nyingi kabla ya kuiwasha taa yo yote. Kijana anayelipwa kwa idadi ya masanduku atafanyaje? Atamimina asidi, atangoja dakika chache, atapiga stata, na mota itawaka. Mnunuzi atafurahi. Lakini betri iliyoharakishwa siku ya kwanza haipati tena nguvu yake yote, na baada ya miezi mitatu mwenye pikipiki atasema kiwanda kimemdanganya.

Halafu kuna jambo la mota yenyewe. Ndani ya silinda mpya ukuta si laini kabisa. Kiwanda kimeuchora mistari myembamba sana inayokatana, ili mafuta yashike na pete za pistoni zipate kujisugua hata zikae sawasawa. Kujisugua huko hutoa unga mwembamba wa chuma, na unga huo huingia katika mafuta. Ndiyo maana vitabu vya pikipiki ndogo huagiza mafuta ya kwanza yamwagwe mapema, mara nyingi baina ya kilometa 500 na 1,000, ingawa kwa macho yaonekana bado ni mazuri. Mafuta yenyewe ni kama lita moja tu. Tumeona watu wanaotoa zaidi ya dola elfu moja kwa pikipiki, kisha wanaona uchungu kumwaga lita moja ya mafuta "ambayo bado ni mapya".

Na tusisahau milima yetu. Butembo iko juu ya mita 1,700. Hewa huku ni nyembamba kuliko ile ya pwani, na mota isiyo na mashini ya kupuliza hewa hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kabureta iliyopimwa kwa nchi ya chini hutoa esansi nyingi kuliko hewa, na buji huwa nyeusi kwa masizi. Hiyo si kasoro ya kiwanda. Fundi anayejua kazi yake hurekebisha kabureta kwa muda mfupi tu. Lakini tumewasikia wanunuzi wakigombana na mwuzaji siku mbili kwa sababu ya buji nyeusi, na walipopata ugonjwa wa kweli, mwuzaji hakutaka tena kuwasikiliza.

Pikipiki ya mwenzetu

Tuna mwalimu mwenzetu ambaye shule yake iko kilometa kumi na nne nje ya mji, katika vilima. Alipofikiwa na zamu yake ya likirimba alinunua pikipiki mpya ya sentimeta za ujazo 150. Alipewa fakturi, ufunguo mara mbili, na kijitabu cha dhamana kilichosema miezi sita au kilometa 6,000, lo lote litakalotangulia. Mwuzaji hatutamtaja, maana anaweza kuwa mwuzaji ye yote.

Mwenzetu ni mtu wa kuandika. Alinunua daftari dogo, na kila alipotia esansi aliandika tarehe na kilometa. Mafuta ya kwanza aliyamwaga kwenye kilometa 520, katika garaji ya mwuzaji mwenyewe, na kijitabu kikapigwa muhuri. Wenzake walimcheka kidogo kwa daftari lile.

Kwenye kilometa 1,380 aliona jasho la mafuta baina ya silinda na kichwa chake. Alipanguza, kesho yake likarudi. Hapo alifanya jambo ambalo twalisifu: hakumwita fundi wa njiani. Alipiga picha kwa simu yake: picha ya kihesabu kilometa, picha ya mafuta yanayovuja, na picha ya nati nne zinazokaza kichwa cha silinda. Nati hizo zilikuwa bado na alama ya rangi ambayo kiwanda huipaka baada ya kukaza, na alama hizo hazijavunjika. Kisha akaipeleka kwa mwuzaji.

Garaji ilibadilisha gasketi, yaani lile bamba jembamba linaloziba mahali kichwa kinapokutana na silinda. Kazi ilichukua siku tisa, maana gasketi ilingojewa kutoka mahali pengine. Hakulipa kitu. Akashukuru, akarudi shuleni. Kwenye kilometa 1,900 mafuta yakavuja tena, pale pale. Siku sita nyingine, gasketi nyingine. Mara ya tatu yalipovuja, kilometa zilikuwa 2,240, na siku zile zile klachi, ambayo wamotari huiita ambreyaji, ikaanza kuteleza mlimani.

Sasa maneno yakabadilika. Msimamizi wa garaji alimwambia: "Bwana Mwalimu, pikipiki hii umeibebesha mizigo. Mota imepata moto mwingi, ndiyo maana haishiki gasketi. Dhamana haihusu mizigo." Mwenzetu akajibu kwa upole: "Mzee, mimi nabeba madaftari." Msimamizi akasema tena: "Na hizi nati, nani alizifungua? Fundi wa njiani alikwisha kuzigusa." Hapo mwenzetu alitoa simu yake, akaonyesha picha ya nati zenye rangi ya kiwanda, tarehe na kilometa zikiwa pamoja. Wa kwanza kuzifungua alikuwa fundi wa garaji ile ile. Msimamizi alitazama picha muda mrefu, akasema atampigia patroni.

Walikaa siku ishirini na mbili bila jibu. Katika siku hizo mwenzetu alitembea kwa miguu asubuhi, na jioni alilipa motari ili afike nyumbani kabla ya giza. Theluthi ya mshahara wake ilikwisha njiani. Mke wake, aliyekuwa akileta maharage sokoni kwa pikipiki ile mara mbili kwa juma, aliacha. Na likirimba haingoji: aliyekwisha kupokea zamu yake hana budi kuchangia kila mwezi mpaka wa mwisho apokee. Mzee wa likirimba alikuja nyumbani mara mbili. Hakugombana, aliketi tu, akanywa chai, akauliza habari za pikipiki. Wenye kujua adabu zetu wataelewa uzito wa kuja kama huko.

Tukamsindikiza, sisi watu wawili, pamoja na fundi mzee anayeheshimiwa na pande zote. Tuliomba jambo moja tu: kichwa cha silinda kifunguliwe mbele yetu. Patroni alikubali, na twamhesabia neno hilo kuwa jema, maana angeweza kukataa. Fundi mzee aliishika nati ya kwanza, ikashika. Ya pili, ikashika. Ya tatu ilizunguka bila kukaza, kama kifuniko cha chupa kilichochoka. Alipoivuta ile fito ya chuma inayoingia katika mwili wa mota, ilitoka na uzi wa aluminiamu umezungushwa juu yake. Uzi wa ndani ulikuwa umekatika. Gasketi hata kumi zisingesaidia, kwa kuwa kona moja ya kichwa haikukazwa na kitu. "Watoto wangu," alisema fundi mzee kwa vijana wa garaji, "mlibadilisha kitambaa cha kidonda, hamkutazama kidonda."

Je, uzi ule ulikatika kiwandani, au ulikatwa na fundi aliyekaza kupita kiasi alipoweka gasketi ya kwanza? Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika. Sisi twaelekea kudhani ulikuwa dhaifu tangu kiwandani, kwa kuwa uvujaji ulianza kabla nati hazijaguswa. Lakini kwa mnunuzi ilikuwa mamoja: ama kiwanda, ama garaji ya mwuzaji; yeye hakuwemo. Mwuzaji alilipa kuwekwa uzi mpya wa chuma, gasketi, mafuta na kazi yote.

Klachi hakuilipa. Na hapo, wasomaji, twaona mwuzaji alikuwa na haki. Kijitabu kilisema wazi kwamba mabamba ya klachi, viatu vya breki, mnyororo, taa, buji na mipira havimo katika dhamana, maana ni vitu vinavyolika kwa kutumiwa. Tena ilijulikana baadaye kwamba shemeji wa mwenzetu aliazima pikipiki siku za Jumamosi na kupandisha mlima watu watatu na magunia. Mwenzetu hakupenda kusikia hivyo, lakini alilipa.

Honda ya mwaka 1960

Tusidhani kwamba taabu hizi ni za nchi maskini tu, au za viwanda visivyo na sifa. Yafaa kusimulia habari ya Honda, ambayo leo jina lake lajulikana duniani pote.

Mwezi wa Juni 1959 kampuni hiyo ya Japani ilifungua tawi lake la Marekani katika mji wa Los Angeles. Aliyepelekwa kuliongoza alikuwa Bwana Kihachiro Kawashima. Siku zile Japani ilikuwa na fedha chache za kigeni, na serikali iliziruhusu zitoke kwa kipimo. Honda iliruhusiwa mtaji wa dola 250,000, na katika hizo chini ya nusu ndizo zilizokuwa fedha mkononi. Nyingine zilikuwa pikipiki na vipuri. Bwana Kawashima na wenzake wachache waliishi kwa kubana sana, na walitumaini hasa pikipiki zao kubwa za sentimeta za ujazo 250 na 305.

Mwanzoni mwa Aprili 1960, pikipiki zilipoanza kuuzwa, habari mbaya zikafika: zavuja mafuta, na klachi zake zaharibika. Tazama, ni magonjwa yale yale mawili ya mwenzetu! Sababu ilipatikana baadaye. Wamarekani walikuwa wakiendesha mbali zaidi na kwa kasi zaidi kuliko Wajapani. Pikipiki iliyokuwa nzima katika barabara za Japani ilishindwa katika barabara ndefu za Marekani. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Kiwanda hakikuijua njia ambayo mnunuzi ataipita.

Wangeweza kusema: "Ninyi Wamarekani mwaendesha vibaya." Neno hilo huwa karibu sana na ulimi wa mwuzaji. Badala yake walichukua fedha katika akiba yao ndogo, wakapakia pikipiki zilizoharibika katika ndege na kuzirudisha Japani. Huko maabara ya Honda ilifanya kazi mchana na usiku, ikiendesha mota mezani mpaka ziharibike kwa namna ile ile. Katika muda wa mwezi mmoja walipata dawa: gasketi ya kichwa iliyochorwa upya, na springi mpya ya klachi. Wakati huo huo pikipiki yao ndogo ya sentimeta 50, Super Cub, iliyotolewa Japani mwaka 1958, ilianza kupendwa na Wamarekani kuliko zile kubwa. Mpaka mwaka 2017 Super Cub zilizotengenezwa zilikuwa zimefika milioni 100.

Katika habari hii sisi hutazama zaidi ile gharama ya ndege kuliko milioni zilizofuata. Kuisafirisha pikipiki iliyoharibika kwa ndege, mwaka 1960, kwa kampuni iliyokuwa ikihesabu kila dola, kulikuwa na maana moja: kasoro ilikubaliwa kuwa ya mtengenezaji mpaka ithibitike vinginevyo.

Kuna habari nyingine iliyo kinyume. Kampuni ya Norton ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1898, na pikipiki zake zilishinda mashindano mengi. Mwezi wa Januari 2020 ilishindwa kulipa madeni, ikawekwa mikononi mwa wasimamizi. Mwezi wa Aprili mwaka huo mali yake ilinunuliwa kwa pauni milioni 16 na TVS ya India, kampuni ile ile ambayo pikipiki zake zapita kila siku mbele ya milango yetu. Jina la Norton liliokoka. Lakini anayenunua mali ya kampuni iliyoanguka halazimiki kwa kawaida kuzibeba ahadi zake zote. Mwenye kijitabu cha dhamana cha nyumba iliyofungwa ana karatasi tu.

Kwetu nyumba hufungwa kwa urahisi zaidi. Duka la pikipiki laweza kufunguliwa mwezi wa kwanza na kufungwa mwezi wa sita. Kwa hiyo kabla ya kuuliza dhamana ni ya miezi mingapi, yafaa kuuliza duka lina miaka mingapi, lina garaji yake au halina, na vipuri vyake viko rafuni au viko katika maneno. Dhamana ya miezi mitatu yenye gasketi rafuni ni bora kuliko ya mwaka mzima isiyo na kipuri hata kimoja.

Sheria yasemaje?

Wengi hudhani kwamba asiyepewa kijitabu hana haki yo yote. Sivyo. Katika nchi yetu mambo ya mapatano na mauzo bado yaongozwa na amri ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo wanasheria huiita Kitabu cha Tatu cha sheria za raia. Amri hiyo yafuata mawazo ya sheria za Ufaransa na Ubelgiji, nayo yasema kwamba mwuzaji hujibu kwa kasoro zilizofichika katika kitu alichouza, ikiwa kasoro hizo zakifanya kisifae kwa kazi yake, au zapunguza mafaa yake hata mnunuzi asingekinunua, au angetoa bei ndogo zaidi, kama angezijua. Kasoro iliyo wazi, ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe, haimo: kioo kilichovunjika siku ya kununua ni juu ya aliyekikubali.

Kasoro iliyofichika ikithibitika, mnunuzi ana njia mbili. Aweza kurudisha kitu na kurudishiwa bei, au kukiweka na kurudishiwa sehemu ya bei. Mwuzaji aliyeijua kasoro akanyamaza hulipa pia hasara zilizotoka humo. Asiyeijua hasemehewi bei, isipokuwa mapatano yalisema vinginevyo. Basi maneno madogo yaliyo nyuma ya fakturi yasomwe kabla ya kutia sahihi. Kama yameandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza na mnunuzi hazijui lugha hizo, na atafute wa kumsomea: mwanafunzi wa sekondari atosha.

Lakini sheria yenyewe yadai jambo moja: mnunuzi ashitaki katika muda mfupi, kwa kadiri ya namna ya kasoro na desturi ya mahali aliponunua. Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao. Mafuta yavuja kidogo mwezi wa pili; mtu asema, "Nitaipeleka baada ya mavuno." Mwezi wa tano mota yakwama, na mwuzaji auliza kwa haki kabisa: "Tangu lini?" Hana la kujibu. Huku nyuma fundi wa njiani amekwisha kuifungua mara mbili, ametia gundi nyekundu kila upande, na alama zote za kiwanda zimefutika. Hata fundi mzee wetu angefika hapo asingeweza kuusoma ugonjwa.

Barua fupi yafaa kuliko kelele ndefu mbele ya duka. Iseme tarehe ya kununua, namba ya mota na namba ya chasi, kilometa za siku ile, na kasoro kwa maneno ya macho: "mafuta yavuja upande wa kulia wa kichwa cha silinda," wala si "pikipiki ni mbaya." Nakala moja ibaki kwa mnunuzi ikiwa na sahihi ya aliyeipokea. Pikipiki ikiachwa garajini, idaiwe karatasi inayosema imeachwa siku gani na kihesabu chasema kilometa ngapi. Siku zinazopotea garajini vijitabu vingi havizirudishi: dhamana yaendelea kuhesabu miezi hata wakati mashini imelala. Mtu aweza kuomba siku hizo ziongezwe, nao wako wauzaji wanaokubali, lakini na aombe kabla ya kuichukua pikipiki, kwa maandishi.

Mwenzetu alipotezewa hivyo siku 37 katika miezi yake sita. Aliomba aongezewe, akapewa mwezi mmoja, ukaandikwa kwa kalamu katika kijitabu na kupigwa muhuri. Kipuri kipya hakikupewa dhamana yake peke yake. Chafuata ile ya pikipiki na kwisha pamoja nayo. Betri, ambayo nayo imeanza kulegea asubuhi za baridi, imo katika kijitabu kwa miezi mitatu tu, na miezi hiyo imekwisha kupita.